Bigsby kwanza, Rick James baadaye

Mwandishi, umenichekesha tena, ila kuweka kichekesho cha Rick James juu ya kile cha Clayton Bigsby hapana, hapo tunatofautiana. Bigsby alitoka kwenye kipindi cha kwanza kabisa cha Chappelle's Show, Januari 2003. Mzee kipofu, mweusi, amelelewa katika shule ya vipofu wazungu watupu akiaminishwa kwamba naye ni mzungu, akaja kuwa mwandishi anayeabudiwa na wabaguzi. Siku anavua kile kitambaa cheupe alichojifunika uso mbele ya wafuasi wake, mmoja wao kichwa kinapasuka! Halafu akishajua ukweli, anampa mkewe mzungu talaka. Kosa la mke? Kuolewa na mtu mweusi. Hapo mchekeshaji Chappelle anaonyesha kwamba chuki ikishakolea, hata mwenyewe haimwachi.

Rick James ni kichekesho safi, sikatai, na sifa kubwa ni ya marehemu Charlie Murphy, maana visa vile vya Rick James alivisimulia kama yaliyompata yeye mwenyewe, uso mkavu kabisa. Lakini kwa vichekesho vya mastaa mimi nachukua kile cha mwanamuziki Prince: anamchapa Charlie na wenzake kwenye kikapu akiwa na blauzi ya madoido, kisha anawaandalia chapati za maji! Mwaka 2013 Prince huyohuyo akachukua picha ya Chappelle akimwigiza, sahani mkononi, akaifanya jalada la wimbo wake Breakfast Can Wait. Umshtaki kwa lipi hapo? Chappelle mwenyewe alikiri kwamba amewezwa.