Kuhamia Diski Kubwa

Juma hili twawajibu vijana watunzao kompyuta ya parokia au ya nyumbani. Diski imejaa, mpya iliyo kubwa imenunuliwa. Je, Linux na kazi zote zitahamaje bila kuanza upya?

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Huna haja ya kuinunua tena. Yakubali kunakiliwa nzima nzima.

Kwanza, nakili barua, picha na orodha za ubatizo na ndoa mahali pa tatu, mbali na diski hizi mbili. Akiba haiozi.

Pili, iwashe kompyuta kwa flashi yenye Linux, maana haifai kunakili diski inayotumika wakati ule ule. Andika amri lsblk, utaziona diski na ukubwa wake. Usishangae ile ya gigabaiti 1000 ikionyeshwa 931: muuzaji huhesabu kwa 1000, lakini amri hii kwa 1024. Yaandike majina katika karatasi, tuseme sda ya zamani, sdb mpya.

Tatu, toa amri hii:

sudo dd if=/dev/sda of=/dev/sdb bs=4M status=progress

Angalia sana! Penye «if» ndipo data zinapotoka, penye «of» ndipo zinapokwenda. Ukizigeuza, utupu wa diski mpya utafunika kazi ya miaka yote, na dd haikuulizi mara mbili. Basi mwite mwenzako aisome amri pamoja nawe kabla hujabonyeza.

Nne, kazi ikiisha, zima kompyuta na uitoe diski ya zamani, kwa kuwa sasa zote mbili zina kitambulisho kimoja, na kompyuta yaweza kuzichanganya. Washa tena kwa flashi, ufungue GParted, uipanue sehemu ya Linux ijaze nafasi iliyobaki. Ikiwa sehemu nyingine imeizuia, isogeze hiyo kwanza. Kisha ondoa flashi, uwashe kama kawaida.

Diski ya zamani usiifute upesi. Ikae kabatini mwezi mzima. Na kitabu cha ubatizo cha karatasi kiendelee kuandikwa. Mtoto aliyebatizwa leo atakuja siku moja kutaka cheti ili afunge ndoa. Jina lake tumewekewa amana, tusilipoteze kwa haraka ya dakika moja.