Stashahada miaka miwili, kompyuta wiki moja na nusu

Kila likizo ikifika, mabasi yanayotoka Nyakanazi kuelekea Kibondo na Kasulu yanashusha vijana wa vyuo na mabegi yao. Wengine wanateremka Kakonko mjini, wanapanda bodaboda hadi Nyabibuye. Nyumbani wanapokelewa vizuri. Kesho yake maombi yanaanza.

"Wewe si unasoma kompyuta? Njoo uniandikie barua ya kwenda wilayani." "Tutengenezee kadi ya harusi." "Rekodi kikao cha kikundi chetu, utuwekee mtandaoni."

Hapo ndipo ukweli unapojulikana. Wapo wanaoifanya kazi na kuimaliza jioni hiyo hiyo. Wapo pia wanaojikuna kichwa, kwa sababu chuoni walifundishwa habari za kompyuta, lakini yenyewe waliigusa kwa zamu.

Ni rahisi kusema vijana wa siku hizi hawasomi. Kabla hatujafika huko, tupige hesabu.

Hesabu ya zamu

Chukua mfano wa chuo chenye maabara moja ya kompyuta 20 na darasa la wanafunzi 80. Ratiba inawapa vipindi viwili vya vitendo kwa wiki, kila kimoja saa mbili. Jumla saa nne.

Wanafunzi 80 kwa mashine 20 maana yake ni watu wanne kwa mashine moja. Saa nne ukizigawa kwa wanne, kila mmoja anapata saa moja kwa wiki. Muhula wa wiki 15 unampa saa 15. Miaka miwili ya stashahada, mihula minne, inampa saa 60.

Saa 60 kwa mtu wa ofisini anayefanya kazi saa nane kwa siku ni siku saba na nusu. Yaani wiki moja na nusu ya kazi! Na hapo hatujatoa siku umeme ulipokatika, mashine zilizokufa, na kipindi ambacho mwalimu alikitumia kueleza kwenye ubao.

Huo ni mfano tu, lakini waliosoma wataitambua picha yake. Mimi mwenyewe nilisoma mambo ya habari. Chuoni kwetu, ambako sitakutaja, siku ya kuhariri video tulikaa watano kwenye mashine moja. Aliyeshika mausi ni yule aliyekuwa anajua tayari. Sisi wanne tulitazama kama watu wanaoangalia mpira kibandani. Mwisho wa kipindi wote watano tulisaini mahudhurio, na kwenye karatasi wote tulikuwa tumejifunza kuhariri.

Umeme umefika, mashine je?

Kwa mkoa wa Kigoma, zamani tulikuwa na jibu rahisi: umeme hakuna. Kwa miaka mingi miji ya Kigoma, Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. Mwaka 2022 mkoa ukaanza kupata umeme wa gridi ya taifa kutokea Nyakanazi.

Mtandao nao unasogea. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 kwenye kata 713 nchini.

Kwa hiyo kisingizio kimoja kimepungua nguvu. Kilichobaki ni mashine yenyewe na muda wa kuikalia. Kijana wa Nyabibuye akimaliza muhula anaicha kompyuta chuoni na kurudi nyumbani na simu. Ujuzi wa mikono usipotumika unapotea. Aliyejifunza kupanga hesabu kwenye Excel mwezi wa tano, asipoigusa mpaka wa kumi, anaanza upya.

Mfano upo Kasulu

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996. Huko ulifika mradi wa madarasa ya kidijitali wa UNHCR na Vodafone Foundation, uitwao Instant Network Schools, ulioanza mwaka 2013 nchini Kenya.

Angalia jinsi darasa lake linavyopangwa. Kuna tableti 25 za wanafunzi, kompyuta ya mwalimu, projekta na spika. Kuna umeme wa sola na betri zake. Kuna intaneti. Na kuna walimu waliofundishwa kuvitumia vyote hivyo.

Vitu hivyo vinne vilipelekwa pamoja: mashine, umeme, mtandao na mwalimu. Kikikosekana kimoja, vitatu vilivyobaki vinageuka mapambo. Sote tumeona shule yenye kompyuta kwenye maboksi kwa sababu hakuna wa kuzifundishia, au yenye mwalimu hodari asiye na mashine.

Kama darasa la namna hiyo liliwezekana kambini, swali la kuuliza kwa kata zetu ni la mpango zaidi kuliko la maajabu. Shule ya sekondari yenye kompyuta inaweza kufungua chumba chake wakati wa likizo, kwa uangalizi, vijana wa vyuo wakafanya mazoezi na kuwafundisha wadogo zao. Mashine zile zile, saa zaidi.

Karatasi ina uzito wake

Usinielewe vibaya, cheti kina maana. Kwa wanaotaka uandishi wa habari, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 zimeweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Bila hiyo huwezi kupata ithibati ya kuitwa mwandishi. Kijana wa Kakonko anayerusha video nzuri kwa simu yake, hata akiwa na wafuasi wengi, kisheria bado ana safari.

Ndiyo maana mzazi anauza maharage au mbuzi ili alipe ada. Analipia mlango. Tatizo linakuja mlango ukishafunguka. Ukiingia chumba cha habari, au ofisi yoyote, hakuna anayekuuliza maana ya kompyuta. Unaambiwa: kaa hapa, hariri hii, nataka dakika mbili kabla ya taarifa ya saa mbili usiku. Ukianza kutafuta faili lilipo, wanaokuzunguka wanaelewa.

Mfumo wetu wa vyuo vya kati, unaosimamiwa na NACTVET, unasema wazi kwamba mafunzo yajenge umahiri, yaani mwanafunzi aweze kufanya. Umahiri unahitaji saa, na saa zinahesabika. Ajabu ni kwamba matangazo ya vyuo yanataja ada, kozi na hosteli, lakini hayataji mwanafunzi mmoja atakalia mashine saa ngapi kwa wiki.

Na simu yako?

Simu uliyoshika sasa hivi inaweza kupiga picha, kurekodi sauti, kukata video kwa CapCut na kutengeneza tangazo kwa Canva. Ni studio ndogo, na kwa vijana wengi ndiyo ya kwanza. Itumie. Rekodi mkutano wa kijiji, soko, mechi ya Jumapili. Kila wiki maliza kazi moja kamili, hata kama ni ya dakika moja.

Lakini simu ina mipaka yake. Haitakuzoesha kuchapa kwa vidole kumi, kupanga mafaili ya mradi mkubwa, wala kuandaa jedwali la mishahara ya watu 40. Hayo yanataka kompyuta.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada, uliza chuo maswali matatu. Kompyuta zinazowaka ni ngapi, na darasa langu lina watu wangapi? Maabara inafunguliwa jioni na Jumamosi? Nikimaliza nitakuwa na kazi gani nilizofanya kwa mikono yangu za kumwonyesha mwajiri?

Wakikujibu kwa namba, endelea. Wakikujibu "usijali, kila kitu kipo," omba kwenda kuiona maabara. Na siku utakayokwenda, washa mashine mwenyewe.