Mwongozo si wa Wazungu, na semina si matibabu

Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao wa huku kwetu Kivu Kaskazini: Mangina, Beni, Katwa, Butembo. Juu yake kuna mauaji ya waasi wa ADF yasiyokoma. Kwamba watu wameumia rohoni, hakuna anayebisha. Ubishi ni juu ya kitabu cha mhGAP, yaani mwongozo wa kutibu maradhi ya akili na kifafa, alichoandikiwa muuguzi wa kawaida na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010: je, kina kazi gani katika kituo cha afya cha Kimemi?

Wabishi wa kwanza husema hayo ni mambo ya Geneva, yaliko makao ya Shirika hilo. Mbona mwongozo wa malaria, uliotoka Geneva hiyo hiyo, hatuukatai? Tena wasemao hivyo aghalabu hawajakifungua kitabu. Tuseme mjane halali usiku. Anakuja kituoni, anapewa diazepam, anarudi nyumbani na vidonge vyake. Mwongozo unakataza hilo. Unamtaka muuguzi amsikilize, aulize anaishi na nani nyumbani, ni shangazi gani au jirani gani anaweza kukaa naye, na amhimize afanye matanga kwa desturi zao. Sasa hapo kigeni ni kipi, matanga au kidonge?

Wengine hudai kwamba pasipo daktari bingwa wa akili tusijaribu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa Kivu, miongoni mwa wanawake waliobakwa. Tiba ya vikundi iliongozwa na wasaidizi wa vijijini ambao si madaktari. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9. Katika vijiji vilivyopata msaada wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42. Bingwa anahitajika, naam, kwa kesi ngumu na kwa kuwasimamia hao wasaidizi. Tukimngoja yeye kwanza, tutangoja sana.

Kwamba watu wetu hukimbilia vyumba vya maombi? Kweli, na wataendelea. Mtu anaweza kuombewa Jumapili na kumeza dawa ya kifafa Jumatatu. Mchungaji asimwambie tu aitupe.

Dai baya kuliko yote halitoki kwa wapinzani wa mwongozo. Linatoka kwa wafadhili wake: “Tumeshawafundisha.” Siku tano za semina, cheti, picha ya pamoja, kwaheri. Mwezi unaofuata muuguzi anapokea foleni ya watoto wenye homa, hakuna aliyepita kuangalia anavyomhoji mgonjwa wa akili, na fenobabito, dawa ya kifafa, imekwisha. Mwenye kifafa akikatishwa dawa ghafla huweza kupata degedege mfululizo na kufa. Kwa hiyo kuanzisha tiba bila kupanga dawa za miezi ijayo ni kumhatarisha mgonjwa.

Basi ninyi wa zoni za afya, mfadhili mwingine akija na semina, muulizeni kabla ya kusaini: nani atapita kituoni kila mwezi, na dawa za mwaka kesho atalipa nani?