Betri Ina Njaa, Msinuniane

Likizo ikikaribia, najua kuna wawili huko wameshakata shauri: hoteli basi, safari hii tunalala ndani ya gari. Mmepata Kombi la kizamani, au Hiace iliyong'olewa siti za nyuma ikawekewa kitanda, kijifriji, taa na feni. Raha mustarehe! Mpaka saa tatu usiku, taa zinapoanza kufifia, friji inakata, na mahaba yanageuka kesi. "Si wewe uliyechaji simu mchana kutwa?" "Na wewe je, na hiyo redio yako?"

Kabla hamjafika huko, na kabla hamjatoa hela ya betri mpya, nisikilizeni. Mara nyingi betri siyo mbovu, ina njaa tu. Chakula chake kinatoka kwenye alteneta, ila kinaliwa njiani.

Magari ya namna hii huwa na betri mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine ya mambo ya nyumbani. Hiyo ya pili hufikiwa na waya mrefu unaopita kwenye fyuzi na relei. Gari likishakula miaka 20 au 30, kila kiungo hapo kina kutu yake.

Nunueni mita ya umeme, ile ndogo ya mkononi. Mmoja apime, mwingine aandike. Asubuhi, kama usiku hamkutumia kitu, betri ya asidi iliyojaa husoma kama volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Sasa washeni injini, kanyageni mafuta kidogo, mpime kwenye alteneta yenyewe. Mnatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.4.

Isipopanda, tatizo lipo jikoni kwenyewe. Angalieni mkanda: umelegea? Unapiga kelele? Kisha tazameni kile kitaa chekundu cha betri kwenye dashibodi. Mkifungua swichi kabla ya kuwasha injini, lazima kiwake. Kwenye Kombi za zamani zenye alteneta, umeme unaopita kwenye kitaa hicho ndio unaoiamsha alteneta. Kikiungua, alteneta inaweza kugoma kuchaji, na nyie mtabadilisha betri tatu bure kwa sababu ya globu moja.

Ikiwa alteneta inasoma 14 lakini betri ya pili inasoma 13.1, basi chakula kinapotea njiani. Karibu volti nzima imeliwa na waya mwembamba, relei iliyochoka, teminali yenye unga mweupe, au waya wa ethi uliofungwa juu ya rangi na kutu. Huu wa ethi watu huusahau sana, wakati umeme lazima uwe na njia ya kurudi. Kwangueni bodi mpaka chuma king'ae, kazeni nati, mpime tena. Na kama betri ya pili haipandi hata chembe, anzeni na fyuzi, kisha relei.

Hesabu yake ni hii. Betri ya ampea-saa 100 iliyobaki nusu inadai 50. Waya ukipitisha ampea 10 tu, hizo ni saa tano za barabarani, tena na zaidi, maana betri ikikaribia kujaa hupokea polepole. Dar mpaka Bagamoyo haitoshi. Na betri inayoachwa na njaa wiki baada ya wiki hujenga salfeti ndani, ikawa mbovu kweli. Hapo hata mkikaza nati zote, mtanunua nyingine.

Jamani, tahadhari. Vueni pete, hata ya ndoa; mwenzio hatanuna. Pete ikiunganisha teminali chanya na bodi, inaiva kama kaa la moto na kidole kimo ndani. Fungueni waya hasi kwanza, mrudishe mwisho. Msivute sigara hapo, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Na fundi akitaka kuchomoa teminali injini ikinguruma ili "aone kama inachaji", mwambieni kwa upole: kaka, tumia mita. Mchezo huo unaweza kuiunguza alteneta.

Uzuri wa mita haina upande. Haijui nani alichaji simu, inasema 13.1, basi. Mkishapata namba zenu, nendeni nazo wote wawili kwa fundi umeme wa magari. Mwenye namba mkononi hauziwi betri asiyoihitaji.

Safari njema, tukutane mwezi ujao!