Cheti Hakifundishi

Wako watu wasemao kuwa kijana atokaye chuo cha ualimu hana la kujiandaa ila kunakili vyeti, kupiga picha ndogo na kukariri majibu ya usaili. Neno hili limezoeleka hata limefanana na kweli. Mimi nalikanusha. Ikiwa ajira ya kwanza ni mlango, watu hawa wanamfundisha kijana kubisha hodi, wakamwacha asijue atafanya nini akikaribishwa ndani.

Sikatai kuwa mlango wenyewe umekuwa mwembamba. Katika miaka iliyofuata Azimio la Musoma la 1974, taifa lilipotaka kila mtoto asome, mwalimu alitafutwa kama maji wakati wa kiangazi. Aliyemaliza chuo alipangiwa shule, akafunga mzigo, akaenda. Tangu 2016 elimu bila ada imejaza madarasa tena, lakini mara hii wahitimu wasio na kazi wamejaa mitaani vilevile. Mwanzoni mwa 2025 waombaji wa ualimu waliitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na wengine kati yao walikwisha kungoja miaka kadhaa. Kumwambia mtu wa namna hii kuwa amekosa kazi kwa sababu hakujiandaa ni kumpiga aliyekwisha kuanguka.

Lakini wembamba wa mlango hauondoi haki ya mtoto aliye ndani. Natutazame Nambis, katika nyanda za juu za Mbulu. Mtoto wa Kiiraqw huko huja darasa la kwanza na lugha ya mama yake kinywani. Lugha hiyo ni ya Kikushi, si ya Kibantu. Inazo sauti ambazo Kiswahili hakina, kama ile iandikwayo tl katika jina la Tlawi. Na majina yake hugawanywa kwa jinsia, wala si kwa ngeli kama yetu. Basi mtoto huyo asemapo "kiti yangu", si mjinga wala si mzembe: anahama kutoka nyumba moja ya lugha kwenda nyingine, na mzigo wake ni mzito. Mwalimu asiyelijua jambo hili atamcheka, au atamchapa. Alijuaye atamshika mkono. Tofauti ya walimu hawa wawili haimo katika vyeti vyao. Yamkini walisoma chuo kimoja na kupata daraja moja.

Nitaulizwa: mwombaji hajui atapelekwa wapi, je, ajifunze lugha zote za Tanzania, nazo zazidi mia moja? La. Ajifunze kusikiliza. Ajue kuwa Kiswahili, ambacho pengine yeye alinyonya nacho, kwa wanafunzi wake ni lugha ya pili, na kifundishwe kwa njia ifaayo lugha ya pili. Maarifa hayo yatamfaa Nambis kwa Wairaqw, yatamfaa Hanang kwa Wadatoga, yatamfaa na Umasaini.

Wengine humshauri angojaye kazi afundishe kwa kujitolea. Ushauri huu ni mzuri kwa anayeutoa, kwa kuwa hautoki mfukoni mwake. Mwalimu ana tumbo kama watu wengine. Kijiji kikimwita, kimlishe. Na kazi aliyoifanya mbele ya watoto ihesabiwe siku ya usaili, isiwe sadaka iliyosahauliwa.

Na usaili wenyewe, je? Seremala aombaye kazi haulizwi maana ya randa. Hupewa ubao, akatazamwa. Mwalimu naye apewe chaki na kipindi kimoja mbele ya watoto halisi, na wamsikilize watu waliopata kufundisha. Watasema kuwa njia hiyo ni ndefu na ya gharama. Ni kweli. Lakini mwalimu asiyeweza kufundisha hukaa darasani miaka thelathini, na gharama yake hulipwa na watoto.

Kwa hiyo, ewe kijana uliyehitimu, nakili vyeti vyako, maana mlango haufunguki bila hivyo. Kisha nunua daftari jingine. Keti na mtoto wa jirani anayejifunza kusoma. Andika kila kosa alifanyalo, na chini yake andika sababu. Siku utakayoitwa Nambis, daftari hilo litakuwa na kazi darasani. Cheti kitakuwa kimebaki katika jalada la ofisi.