Mzazi na Mwanawe Aliye Kwenye Mashine

Ada yetu ya arobaini humtaka mzazi atulie ndani, akandwe kwa maji moto, anywe uji wa pilipili manga. Ni ada njema. Lakini mwanawe akilazwa katika wodi ya wachanga mahututi, nifasi haimzuii kwenda kumtazama, kumgusa wala kumuombea dua.

Basi na aende. Avue pete na bangili, anawe kwa sabuni mpaka viwikoni, na aache kujifukiza udi, kwani mapafu ya mtoto bado ni machanga. Amkamulie dang'a, japo matone. Muuguzi atayapitisha kwenye mrija. Akiruhusiwa, amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, wajifunike leso. Madaktari wa Bogotá, Kolombia, waliianza njia hii mwaka wa 1978 kwa uhaba wa mashine za joto. Leo yajulikana kupunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo.

Baba naye asiishie mlangoni. Kifua chake pia kina joto. Akika yaweza kungoja. Nanyi mawifi, msimuulize mzazi uzito wa mtoto kila mara. Mpelekeeni ule uji hospitalini, mumfulie na leso zake.