Usiende kwa Mama, Lakini Usimnyamazie

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha, nasi tukazitupa barakoa pamoja na karibu kila tulichojifunza. Maradhi lakini hayakutuaga. Mwaka 2024 homa ya nyani iliripotiwa Taita Taveta. Januari 2025 Marburg ikazuka Kagera, na kabla mwezi haujaisha Ebola ikathibitishwa Kampala. Basi tuzungumze sasa tukiwa tumetulia, maana siku ya tangazo hakuna amsikilizaye mwenzake. Kila mtu yu mbioni kutafuta sabuni na unga.

Ninalotaka kusema ni hili: likija janga jingine la kuambukizana kwa pumzi, usiende kwa mama. Na ukishaamua kutokwenda, ujue umejitwika deni la kulipa kila siku.

Tunaikumbuka pwani ya mwaka 2020. Mwezi Aprili serikali ya Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Mombasa haikufunguliwa hadi Julai. Mwezi Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ukafungwa peke yake, na Idi ikawakuta watu wamo ndani, misikiti imefungwa. Wengi waliona ni uonevu, na sitawakatalia kwamba marungu yalitumika pale ambapo maneno yangetosha. Waliokuwa kivukoni Likoni siku ya kwanza ya kafyu hawahitaji kusimuliwa habari za marungu hayo. Lakini wako pia waliopita njia za panya usiku, wakamwamkie mzazi. Nia yao ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba mwenye korona huweza kuwaambukiza wenzake siku mbili kabla hajahisi hata mafua. "Mimi mzima" haikuwa ushahidi wa lolote, na aliyekuwa katika hatari kubwa ni yuleyule mzee aliyeshikwa mkono na kubusiwa. Homa kuu ya 1918 nayo iliingia kwa meli bandarini Mombasa, ikapanda bara pamoja na abiria wa reli. Bila shaka wamo waliokuwa wakienda kwa watu wao.

Atakayesema ajali haina kinga namkumbusha safari ya Khalifa Umar kuelekea Sham. Alipopata habari kwamba huko kuna tauni, aligeuza msafara. Jemadari wake, Abu Ubayda, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kuingia katika kadari ya Mungu. Sidhani yupo miongoni mwetu mwenye imani ya kumzidi Umar.

Sasa tuje kwenye deni lenyewe.

Kwanza ni sauti. Mzee wa simu ya kabambe, ambaye kioo cha simu hakioni vizuri, humpati kwa maandishi. Mwandikie nambari za wanawe kwa kalamu nene nyuma ya kalenda, tarakimu kubwa, kalenda itundikwe hapo anapokaa, na kijana wa jirani aonyeshwe. Kisha piga simu saa ileile kila siku, ili akiikosa ajue kuna jambo, nawe akikosa kupokea ujue hivyo hivyo. Na usiridhike na salamu. Kwetu salamu hujibiwa kwa wema hata kama nyumba inaungua; bibi atakwambia njema, ya tumbo njema, ya miguu njema, mpaka ufike kwenye "ila". Muulize amekula nini. Muulize amelala vipi. Mwache akusimulie kisa kirefu, nawe usikilize pumzi: anayekata sentensi katikati ili apate hewa, na jana hakuwa hivyo, atafutiwe gari upesi, hata kama anaapa hajambo. Hilo ujumbe wa maandishi hauwezi kukuonyesha.

Wako watu, tena wasomi, ambao kila asubuhi hurusha katika kundi la ukoo mafungu ya dua, picha za tangawizi na limau, na video ya daktari asiyejulikana alikosomea, kisha hudhani wameunga udugu. Tangawizi ni nzuri kwa koo. Virusi haiviui, na mama aliyetumiwa picha kumi hajazungumza na mtu.

Jambo la pili ni ukweli, na hapa tunakosea pande zote mbili. Mzee huficha kikohozi asiwatie watoto wasiwasi; watoto wa Nairobi na wa Muscat huficha kwamba kaka yao yuko kwenye oksijeni, mama asije akapandwa na presha. Mwisho wake mama huletewa habari ya msiba na jirani, barazani. Anayekwambia kila siku kwamba mambo ni shwari utakuja kumwamini siku gani?

Pesa nitaipitia haraka, kwa kuwa hiyo wengi tunaijua: Machi 2020 Safaricom iliondoa ada kwa anayetuma shilingi 1,000 au chini yake, na wenye kutuma walituma. Iliyo ngumu ni mikono. Mtu mmoja wa ukoo, anayekaa karibu, ndiye aingie ndani, naye apunguze kwingine anakokwenda. Wengine waishie barazani, barakoa usoni, mkeka mbali na kiti cha mzee. Chakula cha Idi kinapelekwa vilevile. Nyumba zetu za ghorofa zimezoea kikapu kinachoteremshwa kwa kamba dirishani. Sahani ya biriani haina haja ya kupanda ngazi na mtu.

Basi ukoo ukae kikao sasa, kabla ya tangazo lolote, ukubaliane zamu: nani apige simu Jumatatu, nani alete dawa za sukari, nani mwenye gari. Na kama wamo ndugu wawili wasiosemezana kwa ajili ya shamba la urithi, wasipewe siku zinazofuatana. Watamgeuza mama kuwa mjumbe wao, na hiyo ni kazi asiyoiomba.